Kuandika Wasifu wa Mwanariwaya: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Euphrase Kezilahabi

Mwanariwaya mashuhuri huacha kurasa nyingi zinazozungumzia mapenzi, ulevi, imani, siasa na kifo, na kwa sababu hiyo anayetaka kuandika wasifu wake hushawishika kuamini kwamba nusu ya kazi imekwisha kufanywa na mwandishi mwenyewe. Ushawishi huo ndio hatari kubwa kuliko zote. Pale ushahidi wa maisha unapokosekana, mwandishi wa wasifu huchota aya kutoka katika riwaya, hubadilisha jina la mhusika, na pengo huonekana limezibwa. Mwongozo huu unashikilia msimamo ulio kinyume na huo: riwaya ni tukio katika maisha ya mwandishi, lenye tarehe, mahali na matokeo yake, wala si shahidi wa matukio mengine yaliyomfika.

Mfano tutakaoufanyia kazi ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe katika Ziwa Victoria, akasoma katika seminari ya Nyegezi karibu na mji wa Mwanza, akaingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1967, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, akafundisha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Botswana, na akafariki dunia tarehe 9 Januari 2020. Ni maisha yaliyopita katika mikono ya kijiji, Kanisa, vyuo vikuu na nchi tatu, na kila mkono umeacha nyaraka za aina yake.

Hatua ya kwanza: Soma kazi zote, kwa mpangilio wa kuandikwa kwake

Usianze na mahojiano. Mtu anayekwenda kwa mjane au kwa mwanafunzi wa zamani wa mwandishi kabla ya kusoma vitabu vyote hurudi na sifa za jumla, kwa sababu hakuwa na swali la kuuliza. Anza na maktaba, na usome kila kitu: riwaya, mashairi, tamthilia, tasnifu, makala na dibaji alizowaandikia wengine. Kwa Kezilahabi orodha hiyo inaanza na Rosa Mistika (1971), inapita Kichwamaji na diwani ya Kichomi, ambazo zote zilitoka mwaka 1974, kisha Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), diwani ya Karibu Ndani (1988), Nagona (1990), Mzingile (1991), tamthilia ya Kaptula la Marx na diwani ya Dhifa (2008). Ongeza hapo tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976, iliyomchunguza Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Ukiisoma orodha hii kwa mfuatano utaona jambo ambalo kitabu kimoja kimoja hakiwezi kukuonyesha: kati ya riwaya ya tatu na ya nne, mwanariwaya huyu kijana alikuwa amekaa akimsoma mwanariwaya aliyemtangulia, akimpima kwa jicho la mhakiki. Hiyo tayari ni sura ya wasifu.

Tafuta matoleo ya kwanza hata kama kuyapata ni kazi. Toleo la kwanza lina dibaji, tabaruku, jina la mchapishaji wa wakati ule na maelezo ya jalada la nyuma, na mara nyingi mambo hayo huondolewa au hubadilishwa kitabu kinapochapwa upya.

Kila kazi iandikie tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kuchapishwa. Tofauti kati ya tarehe hizo katika fasihi yetu inaweza kuwa kubwa kiasi cha kupotosha wasifu mzima. Aniceti Kitereza, Mkerewe mwingine, alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini kitabu cha Kiswahili kilitoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kufikirika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kuzikwa. Kaptula la Marx iliandikwa katika miaka ya 1970, wakati ujamaa ukiwa sera hai inayotekelezwa vijijini, ikatoka kitabu mwaka 1999, wakati msomaji angeweza kuichukua kama kejeli juu ya jambo lililokwisha kupita. Anayefuata tarehe ya kuchapishwa peke yake atamwonyesha mwandishi akithubutu mwaka ambao hakuhitaji tena kuthubutu, na ataupoteza ujasiri wake wa kweli.

Hatua ya pili: Tengeneza kalenda ya maisha

Fungua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu tano: tarehe, tukio, mahali, chanzo cha habari, na kiwango cha uhakika. Safu ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo itakayokuokoa. Tumia alama tatu tu: jambo lililothibitishwa na waraka wa wakati huo, jambo lililosemwa na mashahidi wawili wasiotegemeana, na jambo lililosemwa na mtu mmoja. Jambo la alama ya tatu lisiandikwe kamwe katika wasifu bila kumtaja msemaji wake au nafasi aliyokuwa nayo.

Zingatia kwamba taasisi hubadilisha majina, na anayetafuta jina la leo hatapata faili la jana. Kezilahabi alipoingia mwaka 1967, chuo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea kilianza mwaka 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI, ndiyo iliyokuja kuwa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, mwaka 2009. East African Literature Bureau, iliyochapisha Rosa Mistika, ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na kwa upande wa Kenya nafasi yake ilichukuliwa na Kenya Literature Bureau. Kwa hiyo kando ya kila tukio andika jina la taasisi kama lilivyokuwa siku hiyo, na chini yake jina la mrithi anayeweza kuwa na mafaili.

Hatua ya tatu: Familia, ruhusa na haki

Nenda kwa familia mapema, kwa kupitia mtu wanayemheshimu, na ueleze shabaha yako bila kuipamba. Kuna ruhusa mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa: ruhusa ya kushirikiana nawe, yaani kuzungumza na kukuonyesha mabaki ya marehemu, na ruhusa ya kisheria ya kunukuu maandishi yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Barua nayo ina mabwana wawili, kwa kuwa karatasi ni mali ya aliyeipokea, ilhali maneno yaliyomo ni ya aliyeandika na warithi wake. Omba ruhusa zote mbili kwa maandishi.

Katika makubaliano hayo iandikwe wazi kwamba familia itasoma rasimu na kusahihisha makosa ya ukweli, kama vile majina, tarehe na nasaba, lakini uamuzi wa nini kiandikwe utabaki kwa mwandishi. Ni vigumu kulisema hili mbele ya wazee, na kwa desturi zetu marehemu husemwa kwa mema. Hata hivyo, likinyamaziwa mwanzoni litarudi mwishoni likiwa ugomvi, wakati ambapo muswada umekwisha na imani imevunjika.

Kwa utafiti wa vijijini nchini Tanzania, pita katika ofisi ya wilaya na barua ya utambulisho, kisha kata, kisha kijiji. Mtafiti wa kigeni ataanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa ajili ya kibali.

Hatua ya nne: Nyaraka

Anza na zilizo nyumbani, kwa sababu ndizo zinazokufa haraka. Mchwa, unyevu na wajukuu wanaotafuta karatasi za kufungia vitu vimeangamiza kumbukumbu nyingi za waandishi wetu. Usiondoke na sanduku. Piga picha kila ukurasa pale pale, kwa mpangilio ulioukuta, kwa sababu hata mpangilio wenyewe ni habari: barua ya mchapishaji iliyofungwa pamoja na stakabadhi ya ada ya shule ya mtoto inaeleza jinsi malipo yale yalivyotumika. Angalia pia pambizo za vitabu alivyovisoma.

Kwa mwandishi aliyelelewa katika Kanisa Katoliki, kitabu cha ubatizo cha parokia ni chanzo cha tarehe na cha majina ya wazazi na msimamizi. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni, na hifadhi yao kuu iko Roma. Shajara hizo hazitamtaja mtoto mmoja wa Namagondo, lakini zitakuambia mwaka wa njaa, mwaka wa tauni na ugomvi wa shule, na hayo ndiyo mazingira ambayo mtoto huyo alikulia. Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa zina mafaili ya utawala wa kikoloni na ya baada ya uhuru, na maktaba ya chuo kikuu ina tasnifu na magazeti. Pitia Uhuru, Mzalendo na Kiongozi, pamoja na majarida ya Kiswahili kama Mulika na Kioo cha Lugha, ukitafuta tahakiki, mijadala na barua za wasomaji. Mjadala wa ushairi huria, ambao Kezilahabi aliuchochea kwa Kichomi, haueleweki kwa kusoma upande wake peke yake, na heshima kwa wapinzani wake waliotetea vina na mizani ni sehemu ya kazi yako.

Kisha kuna suala ambalo kila mtu hulitaja na wachache hulichunguza. Inajulikana kwamba Rosa Mistika ilipigwa marufuku mashuleni na baadaye ikaja kukubaliwa kama kitabu cha kiada. Mwandishi wa wasifu hawezi kuishia hapo. Atauliza ni ofisi gani ilitoa agizo, kwa waraka upi, kwa sababu zipi zilizoandikwa, agizo liliwahusu walimu peke yao au wauza vitabu pia, na lilifutwa kwa waraka gani. Atatafuta majibu katika mafaili ya elimu, katika barua za mchapishaji na kwa walimu waliokuwa kazini wakati huo. Neno marufuku likiachwa bila tarehe na bila saini hugeuka kuwa pambo la sifa ya mwandishi, ilhali waraka mmoja ungeonyesha jamii ikibishana na nafsi yake juu ya malezi ya mabinti.

Kwa barua, kielelezo bora tulicho nacho ni cha Shaaban Robert. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa kitabu mwaka 2002. Ukiziweka kando ya tawasifu yake utamwona mtu yule yule akizungumza na umma kwa upande mmoja na ndugu yake kwa upande mwingine, na utajifunza kutomwamini mwandishi mia kwa mia hata anapojieleza mwenyewe.

Hatua ya tano: Mahojiano

Panga watu kwa umri na afya, si kwa umaarufu. Profesa wa miaka hamsini anaweza kungoja mwaka, lakini mzee aliyesoma naye shule ya msingi hawezi. Wakumbuke wale wasioulizwa kwa kawaida: dada zake, wapiga taipu, wasimamizi wa maktaba, makatibu wa idara, na wanafunzi waliohifadhi daftari za mihadhara. Kwa mwandishi aliyeanza na riwaya ya msichana aliyebanwa na baba, kukosa kuwasikiliza wanawake wa ukoo na wa kijiji chake ni kasoro ambayo hakuna nyaraka zitakazoifidia.

Siku ya kwanza nenda bila kinasa sauti. Amkia, kaa, eleza ujio wako, na ukubali kuulizwa wewe kwanza: mtoto wa nani, umetoka wapi, na kitabu hicho kitamfaa nani. Siku ya pili omba idhini ya kurekodi, na idhini hiyo isikike katika rekodi yenyewe. Kama mzee anakumbuka utoto kwa Kikerewe, mwache aseme Kikerewe, uwe na mkalimani wa hapo hapo, na katika maandishi uyahifadhi maneno yake ya asili pamoja na tafsiri. Mtu anayelazimishwa kukumbuka kwa lugha ya ofisini hukumbuka mambo ya ofisini.

Usiulize kwamba marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa utajibiwa kwamba alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu, kama ilivyosemwa msibani. Uliza alikuwa akiandikia wapi, usiku au alfajiri, kwa kalamu au kwa mashine. Uliza nani alisoma rasimu kabla ya mchapishaji, malipo ya kwanza yalinunua nini, nani alikasirika kitabu kilipofika kijijini, na nani alidhani ameandikwa yeye. Kuhusu tarehe, wazee wengi hawahesabu kwa mwaka, kwa hiyo uwe na orodha ya alama: uhuru wa 1961, maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, Azimio la Arusha la 1967, kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mzee atakuambia kwamba kijana alirudi likizo kabla au baada ya tukio fulani, nawe utapata mwaka.

Nakili kila rekodi neno kwa neno ndani ya siku chache, sauti ikiwa bado imo masikioni mwako.

Hatua ya sita: Riwaya zitumike vipi

Hapa ndipo wasifu wa mwanariwaya unaposimama au kuanguka, na hapa Kezilahabi ni mtihani mgumu. Rosa Mistika inatokea Namagondo, kijiji alichozaliwa. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi Ukerewe, na anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Msomaji yeyote atasema kwamba Kazimoto ndiye Kezilahabi, na atakuwa na hoja. Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho wake: Kazimoto anajiua, na Rosa naye anajiua. Mwandishi aliyewafikisha huko aliishi miaka 75, akafundisha vizazi vya wanafunzi katika nchi mbili, na akaendelea kuandika. Anayemsoma Kezilahabi ndani ya Kazimoto atalazimika ama kumwandikia unyonge ambao hakuna shahidi aliyeuona, ama kuchagua kwa hiari yake ni kurasa zipi zichukuliwe kuwa maisha na zipi ziachwe kuwa ubunifu. Uchaguzi huo hauna kipimo, na usio na kipimo hauna nafasi katika wasifu.

Matumizi halali yapo. Kwanza, riwaya huonyesha maarifa aliyokuwa nayo mwandishi, kwa maana kwamba aliyeeleza maisha ya bweni, kilabu cha pombe au mkutano wa kijiji kwa undani fulani aliyajua mambo hayo kwa namna moja au nyingine, na swali la namna gani unalipeleka kwa mashahidi. Pili, riwaya ina historia yake, kuanzia muswada, mhariri na bei hadi wasomaji na mabishano, na historia hiyo yote ni maisha ya mwandishi. Tatu, mfuatano wa riwaya huonyesha safari ya fikra. Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, inaushughulikia ujamaa vijijini kwa usimulizi ambao msomaji wa kawaida anaufuata bila shida. Nagona, ya mwaka 1990, imevunja ploti, wahusika na mahali. Kati yake kuna miaka kumi na moja bila riwaya hata moja kuchapishwa.

Miaka hiyo ndiyo sura ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo itakayotofautisha wasifu mzuri na wa kawaida. Ndani yake kuna Marekani, kuna tasnifu ya mwaka 1985 juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na kuna diwani ya mwaka 1988. Tasnifu hiyo ni waraka wenye tarehe, uliosainiwa na mwandishi mwenyewe, unaoeleza alichokuwa akikifikiri kabla hajaandika Nagona. Isome pamoja na riwaya mbili zilizoifuata, tafuta waliokuwa naye Madison, mji wa chuo chake cha Wisconsin, tafuta mihadhara aliyoitoa aliporudi. Pakibaki kimya baada ya hayo yote, kiandike kwamba ni kimya.

Ukimaliza kila rasimu, chukua kalamu nyekundu na upigie mstari kila sentensi juu ya maisha yake ambayo chanzo chake pekee ni riwaya au shairi. Sentensi hizo ama zipate ushahidi mwingine, ama zigeuzwe kuwa sentensi juu ya kitabu, ama zifutwe.

Pana hali moja inayohitaji uangalifu wa ziada. Shafi Adam Shafi, mwanariwaya wa Zanzibar, ni miongoni mwa waliotiwa ndani baada ya Abeid Amani Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, na miaka mingi baadaye alitoa Haini, riwaya juu ya wafungwa baada ya mauaji ya kiongozi. Hapa ukaribu wa riwaya na maisha unajulikana na watu wote, na kwa sababu hiyo hiyo kishawishi kinaongezeka. Seli ya riwaya imejengwa kwa kuchagua, kuunganisha na kubadilisha, na wafungwa wengine waliokuwamo ni watu halisi wenye haki ya kutohukumiwa kwa maneno ya wahusika.

Hatua ya saba: Kupanga na kuandika

Mpangilio wa miaka unatosha, mradi usiugawe kwa usawa. Mwaka mmoja wa kuandika Rosa Mistika unaweza kustahili kurasa arobaini, na miaka mitano ya vikao vya idara ikastahili mbili. Historia ya nchi iingie pale tu inapomgusa: Azimio la Arusha lina nafasi kwa sababu alianza chuo kikuu mwaka ule ule na kwa sababu riwaya zake mbili zinabishana nalo, si kwa sababu kila kitabu cha Tanzania hulitaja. Epuka kuandika alivyohisi au alivyowaza bila barua au mazungumzo ya kuunga mkono, na epuka sifa zinazojirudia, kama gwiji, nguli na nyota iliyozimika. Msomaji ataona ukubwa wake katika kazi. Ukitaka kielelezo cha Kiswahili cha wasifu wa msanii, soma Wasifu wa Siti Binti Saad alioutoa Shaaban Robert mwaka 1958, ukiangalia jinsi hadhi ya mwimbaji wa asili ya kinyonge inavyojengwa bila kuficha alikotoka.

Nukuu za tasnifu au makala zake za Kiingereza zitafsiri mwenyewe kwa uangalifu, na useme kwamba tafsiri ni yako.

Hatua ya nane: Kabla na baada ya uchapishaji

Wape muswada wasomaji wa aina tatu: mtu wa familia kwa nasaba na majina, mtaalamu wa fasihi kwa uhakiki, na mtu wa mahali alipozaliwa mwandishi kwa jiografia, desturi na lugha. Huyo wa tatu ndiye anayekamata makosa ambayo wengine hawayaoni, kama vile kumvusha mtu ziwa kwa njia isiyokuwapo miaka hiyo. Namba ya ISBN nchini Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mchapishaji ndiye huiomba.

Rekodi za sauti, nakala za nyaraka na kalenda ya maisha yenye safu tano zitengenezee nakala tatu: moja ya familia, moja ya maktaba ya chuo kikuu na moja yako, pamoja na karatasi inayoorodhesha nani amekubali kusikilizwa na umma na nani ameomba sauti yake ifungwe kwa miaka aliyoitaja.